Hakuna Dira Hapa

Mapema mwaka huu Riziki, mwenzangu ninayefanya naye kazi katika duka la dawa hapa Changamwe, alifiwa na mama yake, nami nikavuka kwenda Likoni kumpa pole. Nilijiweka kama nilivyolelewa: leso kichwani, sauti ya chini, macho yakitazama mkeka. Tulikuwa tumekaa na wanawake wengine, harufu ya ubani imechanganyika na ya wali unaopikwa kwa kuni uani, mara akaingia mwanamke mnene amevaa kandambili za marehemu. Zilikuwa ndogo, visigino vyake vimebaki nje. Akawa anachechemea kama marehemu alivyochechemea, mkono mmoja kiunoni, na kulalamika kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Huyu hakufa," alisema. "Huyu amekimbia vyombo. Juzi nilimwacha na sufuria mbili za kusugua, leo naambiwa hayupo. Na sufuria zenyewe ziko pale pale, njooni muone."

Nilimtazama Riziki nikingoja ainuke amfukuze. Riziki alicheka. Alicheka mpaka akaniegemea, na kicheko kile kikageuka kilio, kilio chake cha kwanza tangu nifike. Yule mwanamke akavua kandambili, akaja akamkumbatia, akaendelea kumsema marehemu polepole sikioni mwake. Baadaye nilimuuliza Riziki yule ni nani. "Mtani wetu," akaniambia. "Watu wao na watu wetu ni watani tangu babu na babu. Wallahi asingekuja kumcheka mama, ningejua tumeachwa peke yetu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu utotoni. Sindano. Na nilikuwa nimelichukia bure miaka yote hiyo.

Hadithi yenyewe inaanzia kwenye katuni, nanyi mliokuwa watoto wakati wetu huenda mkaikumbuka. Iliitwa Msafara wa Chumvi, na ilionyeshwa Jumamosi mchana, saa ambayo watoto wenye adabu walikuwa wakifua sare za shule. Watu na ngamia walibeba chumvi jangwani kuipeleka katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona, na kila wiki walikuwa njiani. Basi. Kaka yangu aliitazama mara mbili akasema ni afadhali atazame nguo zikikauka. Mimi niliipenda kwa sababu wale watu walikuwa wakizungumza. Walizungumza wakitembea, wakipika, wakifunga mizigo, mazungumzo ya hivi hivi tu yasiyo na kazi. Kwetu sisi maneno mengi yalikuwa ya kutumana: leta maji, peleka kikombe, funga mlango.

Kulikuwa na ukurasa mtandaoni wa wapenzi wa katuni ile, wengi wakiandika Kiingereza. Wachache tulioandika Kiswahili tulijuana hapo, na mmoja wetu akatufungulia kikundi chetu kwenye simu. Tulikuwa wanne. Majina ya Kizungu ya wale wasafiri yalitukataa, kwa hiyo tuliwabatiza upya na kila mtu akajichukulia lake. Aliyefungua kikundi alikuwa Kibuyu, mlinzi wa maji, msichana wa Magogoni, kule Kisauni, aliyeishi na nyanya yake. Kengele, yule anayetangulia mbele ya ngamia, alikuwa mvulana wa Nairobi. Sindano, mshona mahema, alikuwa msichana wa Likoni, upande wa Shelly Beach, lakini watu wake ni wa Kwale. Nami nilikuwa Dira, msoma nyota. Sheria ya Kibuyu ilikuwa moja tu: jina la nyumbani unaliacha nje, kama viatu mlangoni. Nambari zetu zilionekana, majina hayakuonekana, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Simu ilikuwa ya Mama. Mama alikuwa msusi, akisuka watu barazani kwetu karibu na Airport, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa vichwani mwa wateja, mimi ndiye niliyekuwa mshika simu. Nilimsomea jumbe zake na kumjibia. Kati ya ujumbe na ujumbe, kuanzia nitokapo shule mpaka magharibi, simu ilikuwa yangu, yenye harufu ya mafuta ya nazi na nywele za kuunganisha zilizochomwa ncha. Nikiisikia harufu hiyo saluni hata leo, huwa natamani kuuliza mtu fulani ameshindaje.

Tulizungumza nini? Hakuna kitu, na kila kitu. Sindano alifuga njiwa kwenye makreti ya soda, na kila njiwa alikuwa na jina la mwalimu wake. "Leo mwalimu wa hesabu ametaga," aliandika, nasi tukampongeza mwalimu wa hesabu. Kibuyu alichora maua ya hina kwenye mapaja yake kwa kalamu ya wino ili nyanya yake asione. Kengele alikusanya vizibo vya chupa akatengeneza kete za drafti, kisha akalalamika kwamba hana wa kucheza naye. Mimi nilizijua ndege kwa mlio. Nyumba yetu ilikuwa chini ya njia yao kabisa, na ilikuwa desturi ya kwetu kwamba ndege ikipita kila mtu hunyamaza mpaka iishe, kwa maana kupiga kelele juu yake ni kujisumbua. Desturi hiyo niliipeleka kikundini. Nikisikia ndege niliandika "ndege," na wenzangu wote waliacha kuandika, mmoja Nairobi, mmoja Kisauni, mmoja Likoni, mpaka niandike "imepita." Kelele haizuii mtu kusoma, hilo tulilijua. Walisubiri tu.

Tulifanyiana kazi za shule pia. Kengele aliwahi kupewa insha ya historia kuhusu Fort Jesus, akatuuliza sisi wenyeji. Nyanya yake Kibuyu alisimulia ngome ilivyozingirwa kana kwamba siku hiyo alikuwa nje ya lango akiuza mahamri. "Manze, hii siwezi andika," Kengele akasema, "ticha atauliza nimetoa wapi." Tukaingia kwenye misafara ya pembe za ndovu, ipi ilipita wapi, na kama ilifanana na msafara wetu wa chumvi. Sindano akauliza kwa nini kitabu kina jina la mwenye pembe na hakina hata jina moja la mpagazi. "Au wale hawakuwa wakiitwa chakulani?" Kengele aliandika swali lile kwenye insha yake akapata alama nzuri, na Sindano akadai nusu.

Nao waliifahamu nyumba yetu kupitia kwangu, hasa Baba. Baba alikuwa mtu wa bara, alikuja Mombasa kijana kutafuta kazi bandarini na akabaki, akiendesha mashine ya kunyanyulia makontena. Kanisani alikuwa mwanakwaya wa safu ya nyuma kabisa, mahali alipowekwa na mwalimu wa kwaya kwa busara zake. Mungu alimpa sauti kubwa akasahau kumpa masikio. Kila asubuhi aliimba akioga katika bafu la mabati la uani, na mabati yalimsaidia. Mama Kadzo, jirani yetu, alifunga dirisha kwa kishindo ili asikike. "Baba Nekesa," alimwambia siku moja, "nyimbo za Mungu haziimbwi kwa hasira." Baba akamjibu kutoka ndani ya povu kwamba hiyo si hasira, ni besi. Nilikimbia kuyaandika hayo kikundini, na kutoka siku ile walitaka habari za Baba kila jioni. Ameimba nini? Dirisha limefungwa? Baba mwenyewe hakujua kwamba ana wasikilizaji. Yeye alichojua ni kuniuliza kila Jumamosi, "Watu wenu wa chumvi wamefika?" Nikisema bado, alitikisa kichwa. "Hao wanapotezeana wakati. Chumvi ingeuzwa hapo hapo njiani."

Jumamosi moja mzee wa msafara, tuliyemwita Gunia, akafa jangwani. Kila mmoja alilia kwao. "Hii imenimaliza," aliandika Kengele. Sindano akaandika, "Heri amekwenda, alikuwa akimaliza tende za watu." Nilikasirika, nikamuuliza ana moyo gani. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni kuvua viatu. Kwao mtu akifa watani ndio huja kumcheka. Humwigiza, huvaa nguo zake, hutaja kila kilichokuwa kichekesho kwake. "Ndiyo heshima yenyewe," aliandika. "Asiye na mtani huzikwa kama mgeni. Nyinyi kwenu mna watani?"

"Kwetu watu hulia tu," nikajibu.

"Maskini. Basi mtani wako ni mimi. Umekubali?"

"Nimekubali," nikaandika, kama mtoto anavyokubali peremende. Niliyaona ni mambo ya katuni, sehemu ya mchezo wetu. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa Kibuyu akiuliza nani amemaliza insha ya Kiingereza.

Tangu siku hiyo Sindano alinitukana kila siku, kwa ufundi kabisa. Alisema nina masikio ya kupokelea ndege, kwamba rubani akipotea huniuliza mimi. Mimi nilimjibu vitu vya kijinga, kwamba yeye ni mbaya, kwamba njiwa wake wananuka. "Hilo si tusi, hiyo ni habari," alikuwa akisema. "Dira, utajifunza lini kutukana?" Sikujifunza.

Baba aliugua kifua wakati wa mvua. Alikohoa wiki chache akisema ni vumbi la bandarini, kisha akalazwa. Mara ya mwisho nilipopelekwa kumwona alikuwa ameegemezwa mito, sauti yake imekuwa ndogo hata nikaona haya kwa niaba yake. Akaniuliza kama wamefika. Nikasema bado. "Basi," akasema, na akafumba macho kupumzika. Siku ya pili yake asubuhi Mama Kadzo alikuja kututoa shuleni, mimi na kaka.

Nyumba ilijaa watu na viatu. Mama alikalishwa kwenye godoro sakafuni, nami nikapewa simu niishike kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyejua kitu kingine cha kunipa. Nilienda nikakaa nyuma ya bafu la mabati. Lilikuwa kavu, na dirisha la Mama Kadzo lilikuwa wazi kabisa. Nikaandika: "Baba amefariki."

Kibuyu alijibu kwanza. "Makiwa, mwenzangu. Mola awape subira." Kengele akaandika, "Pole sana Dira. Sijui hata niseme nini." Kisha Sindano akaandika:

"Amekwenda kuwaimbia malaika. Poleni malaika. Leo huko mbinguni watafunga madirisha yote."

Na Kengele, mtoto wa watu, akaweka uso unaocheka mpaka machozi.

Nilihisi uso ukiniwaka kama nimepigwa kofi. Habari za Baba nilizipeleka kule kwa mikono yangu mwenyewe, nikafurahi wanavyocheka, na sasa niliona kwamba wakati wote walikuwa wakimcheka yeye. Watani, Gunia na tende zake, hayo yote hayakunijia hata kidogo. Yale yalikuwa ya katuni na huyu alikuwa baba yangu. Nilitafuta mahali pa kutokea kikundini, nikabonyeza, nikafuta na nambari zao nisiwe na njia ya kurudi.

Kesho yake, watu wakiwa bado wamejaa, simu iliita Mama akiwa ameishika. Nilikuwa nimekaa miguuni pake na kikombe cha chai alichokataa kunywa. "Halo," akasema. "Nani? Dira? Hakuna Dira hapa, mwanangu. Hii ni nyumba ya matanga." Akasikiliza kidogo, uso ukabadilika, akakata. "Watoto wa siku hizi," akamwambia shangazi yangu. Mimi nilitazama chai ikifanya utando. Kusema kweli, nilifurahi. Nilijua ni nani, na akilini nilimwona Sindano amesimama nje ya mlango uliofungwa, nikaona anastahili.

Tulisafiri kwenda bara kuzika, na huko simu ikatumbukia katika pipa la maji. Tuliporudi Mama alikuwa na simu nyingine na nambari nyingine, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuulizia zile za zamani. Sikuitazama tena ile katuni. Mpaka leo sijui kama walifika. Ningeweza kutafuta nikajua kabla chai haijapoa, lakini sijatafuta. Nilikua nikiwa mtu asiyepeleka habari za nyumbani nje. Sekondari na chuoni nilikuwa na marafiki wazuri, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba baba yangu aliimba.

Baada ya ile siku ya Likoni nilimtafuta. Nimetafuta Sindano mtandaoni, nikaletewa mafundi cherehani na ushauri wa chanjo. Nimetafuta Kibuyu wa Magogoni. Nimeandika jina la katuni na jina la Likoni pamoja, nimesoma maoni ya watu wazima waliokuwa watoto, nikitafuta mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo kama ule. Likoni ni kubwa, na mtu niliyemjua mpaka majina ya njiwa wake sijui anaitwaje. Ninapopita huko sasa natazama wanawake wa umri wangu, na kila anayecheka kwa sauti hunishtua moyo.

Jumapili moja nilikwenda kwa Mama. Bado yuko pale pale karibu na Airport, bado anasuka, ingawa vidole vimeanza kumuuma na wateja siku hizi ni wale wa zamani tu na mimi. Nilikaa chini kati ya magoti yake, na nikiwa sioni uso wake nikapata ujasiri.

"Mama, Baba alipofariki kuna kitu niliandikiwa. Sikukuambia."

"Kitu gani?"

"Kwamba amekwenda kuwaimbia malaika. Poleni malaika. Leo huko mbinguni watafunga madirisha yote."

Kitana kilisimama kichwani mwangu. Nikadhani nimemuumiza, nikageuka. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakitetemeka, na kicheko kikamtoka pembeni ya leso, kicheko cha msichana, ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa mdogo. "Na Mama Kadzo naye siku hizi yuko huko huko mbinguni," akasema akijifuta macho. "Atakuwa wa kwanza kufunga." Akacheka tena, kisha akalia. "Miaka yote hii namkumbuka akiwa hospitali tu. Leo nimemsikia bafuni. Ni nani huyo aliyemjua baba yako hivyo?"

"Rafiki yangu wa kwenye simu. Msichana wa Likoni. Alikuwa mtani wangu."

"Anaitwa nani?"

"Tulimwita Sindano."

"Hilo si jina la mtu. Na wewe walikuita nani?"

"Dira."

Ndege ikaja. Ilikuwa ya watalii, kubwa, ikishuka. Tukanyamaza kama tulivyonyamaza siku zote, Mama ameshika kitana hewani, mabati yakinong'ona. Ilipopita, alikuwa akinitazama kwa namna nyingine.

"Alipiga simu," akasema.

"Najua, Mama. Nilikuwa miguuni pako."

"Nikamwambia hakuna Dira hapa."

"Ndiyo."

"Akasema, sawa shangazi, lakini mkimwona, mwambieni mtani wake amekaa anangoja kutukanwa." Mama akakiweka kitana chini. "Mimi nikajua ni utundu. Mtu anapigia nyumba ya matanga, anataka kutukanwa? Nilikasirika, Nekesa, hata leo nilikuwa bado nimekasirika."

Alinimalizia nywele, na mikono yake ilikuwa laini kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno. Nimekuwa mtu mzima, nimekaa matanga na watani, nimejifunza kidogo. Tusi lake nililipata usiku ule kabla sijalala, na nimekuwa nikilisugua tangu hapo: Sindano we, mahema ya watu wote umeyashona, mdomo wako umeuacha wazi. Nadhani hata yeye angekubali kwamba hilo ni tusi, si habari. Ninalo tayari, na sina pa kulipeleka.